Manowari ya Kigiriki Barazani Kwetu

Guangzhou, Aprili 1999

Mke wangu Rukia, mama Ilham,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nakuuliza wewe: kile kikohozi kimekuachia? Na Ilham, lile jino lake limeota, au bado anakukesheza? Na bibi yako, miguu inamruhusu kutoka nje kukaa barazani? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu, ila huku tumo katika msimu wa unyevu, kuta zinatoa jasho kama watu, na nguo unaivaa mbichi kwa sababu ukingoja ikauke utakwenda darasani uchi. Hayo ni ya mwili. Moyo nao si mzima, na sababu unaijua, na kama huijui basi soma mpaka mwisho.

Barua hii inaletwa kwa mkono na Bi Asha, jirani yetu wa pale Miembeni, ambaye amekuja kununua daftari na vitu vya kuchezea watoto. Anaondoka keshokutwa na ameniambia nisimcheleweshe. Mfukoni kwangu ninayo barua nyengine, fupi, ya mistari mitatu, ambayo ndiyo niliyokusudia kumpa. Nitakueleza habari zake.

Kwanza shukrani, maana nisipoanza nazo hasira itanisahaulisha. Zile kurasa za habari za meli zimefika, na kwazo nimefaulu, tena vizuri. Laoshi Chen, mwalimu wetu, amenipongeza mbele ya darasa zima, na yeye si mtu wa kupongeza. Ahsante sana, mke wangu. Sasa nikasirike.

Unakumbuka nilivyokuandikia. Sisi wanafunzi wa kigeni wa uhandisi wa meli tulichomoa vikaratasi kwenye kofia, kila mmoja akapata manowari moja ya zamani aeleze maisha yake yote ya kazi, tangu kujengwa mpaka kustaafu. Kamau, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, akapata ya Wajapani, ambayo vitabu vyake vimejaa maktaba. Mimi nikakunjua changu nikaona: Ugiriki. Wallahi nilitaka kukirudisha kofiani. Mataifa yote yenye meli duniani, Rukia, na mimi nimeangukiwa na Wagiriki!

Wagiriki hawajanikosea kitu. Lakini mimi na wewe tunajua nani alikula chumvi yao. Nakuandikia unachokijua tayari, kwa sababu leo nataka kiwe mbele yetu sote wawili. Salum alikuposa kabla yangu. Posa yake ikakubaliwa, wazee wakala halua, kisha akaenda kufanya ubaharia kwenye meli za mizigo za Wagiriki, na akakaa huko bila kurudi wala kutuma neno la maana, mpaka baba yako alipochoka akawarudishia wazee wake vitu vyao. Ndipo nikaja mimi. Mwaka jana Salum naye karudi, na miwani yake ya jua, na Kigiriki chake, na hadithi zake.

Mimi nilipoandika, "nitafutie mtu yeyote hapo mjini anayejua habari za meli za Wagiriki," akili yangu ilikuwa kwa wazee wa bandarini. Huku nilipouliza maktaba, mama wa pale alinijibu "mei you", yaani hakuna, kabla sijamaliza swali. Nilikuwa nimekwama. Nikasema Rukia atanitafutia mzee mmoja mwenye mvi na meno mawili. Ukaenda kwa Salum.

Bahasha ilipofika niliifungua kwa furaha. Mwandiko wako! Zile herufi zako za mviringo kama vitumbua. Ukurasa wa kwanza wako, wa pili wako, wa tatu nusu yake wako, na hapo, katikati ya sentensi, mwandiko ukabadilika. Ukawa wa kulala upande, wenye mikia mirefu. Niliujua papo hapo, niliuona zamani kwenye postikadi zake ulizokuwa nazo. Wino ule ule. Kalamu ile ile. Nikauliza nafsi yangu: mtu na mtu wanakaa umbali gani hata kalamu itoke mkono huu iingie mkono ule bila sentensi kukatika?

Kamau alinikuta nimeinua karatasi dirishani naitazama kwenye mwanga.

"Buda, si hii ni hadithi ya meli tu?" akasema. "Mbona unaisoma ni kama samansi ya korti?"

Nikamwambia ashughulike na Wajapani wake.

"Hiyo ni wivu, bro. Wivu mbaya. Kunywa chai."

Nilikunywa chai, haikusaidia. Na wiki ile ile ikaja barua ya dada yangu Zuwena. Wifi yako unamjua. Ameandika habari za mvua, habari za bei ya unga, kisha: "Salum anaonekana kwako Alhamisi baada ya laasiri. Si mara moja. Mimi sisemi kitu." Zuwena akisema hasemi kitu, ujue amekwisha kusema.

Ndipo nilipoiandika hiyo ya mistari mitatu. Nakutajia ilivyosema, usije ukaambiwa na mwengine: funga nyumba, cherehani mpe Zuwena akuwekee, mchukue Ilham na bibi mpande meli mwende Wete kwa mama yangu, mkae huko mpaka nitakapomaliza masomo. Salamu hazimo. Nikaitia mfukoni nimngoje Bi Asha, na kila nikipita mahali naigusa nihakikishe ipo.

Wakati huo huo siku yangu ya kusimama mbele ya darasa ikafika. Nikasimama na zile kurasa, zako na zake, nikaeleza. Na nitakwambia kweli, hadithi yenyewe ilinisaidia mwanzoni, maana mwanzo wake ni mtamu kwangu.

Manowari yenyewe inaitwa Ieraks, na maana yake ni Mwewe. Nilipoliona jina hilo kwenye mwandiko wako nilicheka peke yangu kwa uchungu. Mwewe! Ndege anayezunguka juu ya uwanja wa watu akitazama mwenye kuku yuko wapi. Walikuwa ndugu wanne, Tai, Mwewe, Simba na Chui, wamejengwa Uingereza katika kiwanda kimoja, manowari nyembamba za mbio. Lakini aliyeagiza hakuwa Mgiriki. Walioziagiza ni Waajentina. Zikajengwa zikamalizika, zikakaa majini zimepakwa rangi zinang'ara, na mwenyewe hakuja kuzichukua. Kwa nini hakuja, kila mtu ana maelezo yake. Basi Mgiriki akapita, vita na Waturuki viko mlangoni, akaziona zimekaa, hakuuliza maswali mengi. Akalipa, akatia mabaharia wake, akaondoka nazo haraka na risasi chache, akaenda nazo vitani na zikamfaa.

Hapo nikawaambia darasa kwamba kwetu tuna msemo, chelewa chelewa utakuta mwana si wako, nikajitahidi kuusema kwa Kichina, na Laoshi Chen akacheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nawaona Waajentina wamesimama gatini na mikono mitupu, na wote wana sura ya Salum. Mgiriki nilikuwa mimi. Nilisimama pale kifua mbele kana kwamba nilizinunua mwenyewe.

Kisha nikafika kwa Wafaransa. Vilipokuja vile vita vikubwa vya kwanza, Wagiriki walikuwa bado hawajaingia upande wowote. Wafaransa wakawatilia shaka kwamba mioyo yao imeelekea kwa adui. Wakazishika manowari zao, Mwewe akiwemo, wakawateremsha mabaharia wake, wakapandisha bendera ya Ufaransa. Baadaye walizirudisha.

Laoshi Chen akaniuliza, "Wagiriki walikuwa wamefanya nini?"

"Bado hawakuwa wamefanya kitu, Laoshi. Wafaransa waliogopa watafanya."

"Kwa hiyo wakamnyang'anya mtu ili asije akawa adui."

"Ndiyo, Laoshi."

"Na waliponyang'anywa, wakawapenda Wafaransa zaidi?"

Darasa likacheka. Mimi mkono wangu ulikuwa mfukoni, Rukia, umeshika ile mistari mitatu, nikautoa kama aliyegusa jiko.

Sitaki ufikiri kwamba hapo nilikwisha kupoa. Nilizidi kukasirika, maana kilichofuata ni sehemu iliyoandikwa na yeye. Baada ya vita Mwewe akafanyiwa matengenezo makubwa, akaachishwa makaa akawa anatumia mafuta. Vikaja vita vya pili, nchi yao ikatekwa yote. Simba akazamishwa kule Krete. Watatu waliobaki wakakimbilia Alexandria, na kutoka huko wakaja pande zetu, Bara Hindi, kutengenezwa, na wakasindikiza meli za mizigo katika bahari hii hii yetu. Salum anasema haya aliyasikia kwa mpishi mmoja mzee wa meli yao, ambaye ujanani alikuwa baharia wa Mwewe. Mpishi akamwambia: "Hatukuwa na nchi ya kurudi, na hapakuwa na mtu wa kutulinda tusitoroke. Lakini kila asubuhi tulipandisha bendera ile ile." Vita vikaisha, wakarudi kwao na Mwewe wao, naye kwa uzee akastaafishwa.

Niliisoma sentensi hiyo ya bendera mbele ya watu, nikairudia mara ya pili bila kuombwa. Nilichukia kwamba ni nzuri. Nilichukia zaidi kwamba imeandikwa kwa mwandiko wake. Wewe unaandika vizuri kuliko yeye. Kwa nini sehemu hiyo hukuiandika wewe?

Basi juzi nikamfuata Bi Asha kwenye mtaa wa maduka wa Yide Lu kumsaidia kupatana bei, maana yeye Kichina chake ni vidole na kelele. Mtaa ule unanuka dagaa na kamba wakavu, upande mmoja vyakula, upande mwengine midoli na makorokoro ya plastiki, na mimi kila nikipita natamani nyumbani. Bi Asha alikuwa amekaa juu ya furushi la wanasesere akigombana na laoban, mwenye duka, mwanamke mfupi asiyecheka. Walipoafikiana nikaona ndio wakati. Nikatoa ile barua.

"Mpe Rukia mkononi," nikasema. "Asipewe mtu mwengine."

Bi Asha akaipima kwa mkono. "Mbona nyepesi hivi? Kutoka huku kote mtu ampelekee mkewe karatasi moja?"

"Ina maneno yanayotosha."

Akanitazama. Unamjua Bi Asha akikutazama. "Hamad, hii ina habari za Salum?"

Nikajifanya nahesabu wanasesere. Basi akacheka, Rukia, akacheka mpaka yule laoban asiyecheka akacheka naye bila kujua kinachochekwa.

"Wewe huna haya," akasema. "Mie nilikuwapo. Mtaa mzima tulikuwapo! Mkeo kakaa ndani ya dirisha na karatasi zake. Salum yuko nje barazani, na hapo kati kakaa bibi na bakora yake. Na bibi yule masikio hayamsikilizi. Kamwambia Salum, 'Sema kwa sauti, na mimi nataka kusikia!' Basi Salum anapiga kelele kama muadhini, Wagiriki, Wafaransa, na bibi anauliza, 'Na hao Wafaransa walirudisha au hawakurudisha?' Watoto wote wa Miembeni sasa hivi wanacheza Mwewe na Simba. Mie nilisikia nikiwa jikoni kwangu."

"Na mwandiko?" nikauliza. "Mwandiko umebadilika katikati."

"Wali uliungua! Siku ile moshi ulitoka mpaka njiani. Rukia katupa karatasi na kalamu dirishani, kakimbilia chungu, anapiga kelele, 'Malizia wewe!' Salum kaandika palepale barazani, giza limeshaingia, bibi anamshikia taa. Alikupa nini, nusu ukurasa? Ndiyo unataka kumpeleka mwana wa watu Wete?"

"Nani kakwambia Wete?"

"Wanaume mkiona wivu mnajua mahala pamoja tu, kwa mama zenu."

Nikaichukua barua yangu nikairudisha mfukoni. Nilimbebea mafurushi yake mpaka kituoni, mengine nikayarudia, bila kupumzika.

Unafikiri nilifurahi? Nilifurahi mpaka kona ya kwanza. Kisha wivu ukarudi kwa mlango mwengine. Nikawaza: mtaa mzima umeisikia hadithi ya meli yangu kabla yangu mimi, tena kwa sauti yake. Bibi kacheka, watoto wamekusanyika, na wewe dirishani umeinama unaandika, na upande ule wa uso wako taa inakuangaza. Yeye alikuona hivyo. Mimi nilipata karatasi tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi ni fimbo iliyo mbali kweli kweli.

Na hapo ndipo likanipata jambo ambalo limenikosesha raha tangu juzi, na ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi. Nilirudi chumbani, nikazitazama tena kurasa zako, ule mwanzo ulionichekesha. Manowari imejengwa imemalizika, imekaa majini inang'ara, na mwenyewe yuko mbali hajaja kuichukua. Nikajiuliza, mwenyewe huyo ni nani leo? Salum yuko barazani. Aliye ng'ambo ya bahari ni mimi. Aliyesema "nakuja, subiri kidogo" ni mimi. Mwaka wa pili huu unakwisha na Ilham ananijua kwa picha. Mimi niliyewacheka Waajentina mbele ya darasa, ndiye Muajentina mwenyewe.

Nimeogopa, Rukia. Sikuogopa kwamba wewe ni mbaya, usije ukaelewa hivyo. Wewe ulimngojea Salum kwa uaminifu, mtaa mzima unajua, na hukuvunja wewe, alivunja baba yako. Nimeogopa kwa sababu hiyo hiyo. Hata mwenye uaminifu huchoka kungojea mtu asiyekuja. Tangu tuoane sijawahi kukuuliza, na sasa nakuuliza kwa kalamu kwa kuwa mdomo hauwezi: ulipokuwa unamngojea yeye, ilikuwaje siku ulipoacha? Uliamka asubuhi ukaona humngojei tena, au ilikwenda kidogo kidogo? Niambie dalili zake, nizijue nikiziona kwenye barua zako.

Ile mistari mitatu nimeitoa mfukoni sasa hivi nimeichana. Wete huendi, labda kwa kumsalimia mama. Cherehani lako libaki palepale dirishani. Kama Wafaransa nisiwe.

Na jambo jengine. Unajua katika ufadhili huu tunayo tiketi moja ya kwenda nyumbani kabla ya kumaliza. Tulikubaliana nisiitumie, niombe wanipe badala yake pesa za kuezekea chumba cha nyuma. Chumba hicho kitaendelea kuvuja. Leo asubuhi nimekwenda ofisini nimewaambia nataka kusafiri. Nakuja likizo ya Julai, Mungu akipenda. Kamau anasema nimerogwa. Nimemwambia ndiyo.

Msalimie bibi yako sana, umwambie namshukuru kwa bakora yake na kwa maswali yake, na kwamba ndiyo, Wafaransa walirudisha. Msalimie baba mkwe na umwombee afya kwangu. Mama yangu ukimpigia Wete mwambie ninakula. Wifi yako Zuwena msalimie, na umwambie kaka yake amesema asiseme kitu kweli kweli. Ilham mbusu juu ya lile jino; Bi Asha anamletea meli ndogo ya plastiki, nyekundu, nimeiandika jina ubavuni, atalisoma akikua.

Hata Salum msalimie. Namshukuru kwa msaada wake, nasema kwa moyo, au kwa sehemu kubwa ya moyo. Mwambie hadithi ni nzuri. Mwambie pia kwamba mume akiwa safarini, mgeni wa kiume mwisho wake ni baraza, hilo analijua, na amelitimiza, basi aendelee kulitimiza. Mimi Julai nitapita ndani.

Nipo, na ni wako, hata huku niliko,

Hamad, baba Ilham

Tena: nikihitaji habari za Tai na Chui, wali ukiungua uache uungue. Kalamu usimpe.